Ampu nne za valvu kutoka karakana ndogo: ipi ikufae wewe?

Kuna siku mpiga gitaa hukutana na ampu inayomsikiliza. Anagusa uzi kwa ulaini, sauti inatoka safi. Anaupiga uzi uleule kwa nguvu kidogo zaidi, ukingo wa sauti unaanza kukwaruza, na hakuna kitufe kilichoguswa. Ni mkono tu. Ukishaonja hilo ni vigumu kurudi ulikotoka, na hapo ndipo watu huanza kuweka akiba kwa ajili ya ampu ya valvu, zile chupa za kioo zinazokuza sauti ya gitaa, iliyoungwa kwa mkono na fundi wa karakana ndogo.

Taabu huanza pesa zikishapatikana. Majina ni mengi, kila jina lina wafuasi wanaoliapia, na sifa zote zinafanana: ina joto, ina uhai, ina utamu. Maneno hayo hayamsaidii mtu kuchagua. Kwa hiyo nimechukua ampu nne tu, kila moja ikisimama kwa niaba ya ukoo wake. Victoria 20112 inarithi ampu za Fender zilizofunikwa kitambaa cha tweed za miaka ya 1950. Dr. Z Carmen Ghia ni ya ukoo wa ampu ndogo za valvu za EL84. Matchless DC-30 imetoka kwenye mti wa Vox AC30 ya Uingereza. Two-Rock Classic Reverb Signature inafuata Fender za miaka ya 1960 zenye paneli nyeusi, pamoja na mafunzo ya fundi Howard Dumble. Zote nne zinaundwa Marekani, na ukizielewa hizi utaweza kuiweka karibu ampu yoyote ya karakana kwenye ukoo wake.

Niseme mapema jambo linaloniongoza katika maelezo yote yanayofuata. Kila ampu ya valvu ina mahali pake pa kukolea, yaani kiwango cha sauti ambapo valvu, transfoma na spika vinafanya kazi pamoja na mlio unakamilika. Chini ya hapo ni nusu ya kile ulichonunua. Niliwahi kununua ampu ya wati 100 kwa sababu ya jina lake, nikaishi nayo miaka miwili, na katika miaka hiyo kitufe cha volyumu hakikupita mbili kwa kuwa sikuwa na ukumbi wa kuifungulia. Niliiuza bila kuijua. Tangu hapo, mtu akiniuliza kuhusu ampu, swali langu la kwanza ni: utapigia wapi?

Vigezo

Mlio. Hapa namaanisha umbo la sauti yenyewe: besi imebana au imelegea, sauti za kati zimejaa au zimeachwa wazi, sauti za juu zinang'aa kama kengele au zimeviringwa. Mengi ya haya huamuliwa na ukoo. Valvu za 6V6 hulainika na kukwaruza mapema. EL84 zina mng'ao na msukumo wa kati. 6L6 zina besi pana na husimama imara muda mrefu kabla ya kukwaruza.

Mguso. Ampu inaitikiaje mkono? Sehemu kubwa ya jibu iko kwenye rektifaya, kifaa kinachougeuza umeme wa ukutani kuwa mkondo wa moja kwa moja. Rektifaya ikiwa ya valvu, ukipiga nyuzi kwa nguvu ampu inavuta mkondo mwingi ghafla na volti zinashuka kwa kitambo. Sauti inabonyea, kisha inafura tena chini ya vidole. Ikiwa ni ya diodi za silikoni, volti hazitetereki na sauti inatoka papo hapo, ngumu. Hata valvu za rektifaya zenyewe zinatofautiana: 5Y3 hupoteza volti nyingi zaidi kuliko 5AR4, na ndiyo maana ya kwanza hubonyea zaidi. Wapo wanaopenda kubonyea huko kwenye solo. Wanaopiga rithimu za haraka wengi huuona kama matope.

Ukubwa wa sauti. Wati huwapotosha watu. Kuongeza wati mara mbili kunaongeza desibeli 3 tu, na ili sikio lisikie sauti maradufu zinahitajika kama desibeli 10, yaani wati mara kumi. Kwa hiyo ampu ya wati 30 haina sauti mara mbili ya ile ya wati 15. Kilichoongezeka ni nafasi ya sauti safi kabla ya kukwaruza. Spika nayo ina neno lake: ukitoa spika ya desibeli 97 kwa wati moja ukaweka ya desibeli 100, ni sawa na kuzidisha wati za ampu yako mara mbili. Ukitaka kupandisha au kushusha sauti kwa gharama ndogo, tazama spika kabla ya kutazama ampu nyingine.

Matunzo. Ampu iliyoungwa waya kwa mkono ina faida moja isiyo na ubishi: fundi akiifungua anaona kila kapasita na kila rezista, anaitoa moja na kuweka nyingine bila kung'oa bodi nzima. Soketi za valvu na vitufe vimefungwa kwenye chuma cha fremu, si juu ya bodi nyembamba inayochomwa na joto kila siku. Hayo ndiyo ninayoyalipia. Wazo kwamba waya wa mkono peke yake unaleta sauti bora sikubaliani nalo, kwa maana bodi iliyochapwa vizuri, yenye njia za umeme zilizochapwa badala ya waya, inaweza kutoa mlio uleule. Katika matunzo kuna pia bayasi, yaani mkondo ambao valvu za nguvu hupitisha zikiwa zimetulia. Ampu nyingine hujirekebisha zenyewe, unabadilisha valvu kwa jozi iliyolingana na kuendelea. Nyingine zinahitaji fundi apime na kurekebisha kila unapobadilisha.

Thamani. Bei siiweki kwa tarakimu kwa sababu inabadilika kila mwaka na kwa kila nchi, lakini mpangilio unabaki: Carmen Ghia ndiyo nafuu kati ya hizi, Victoria inafuata, kisha Matchless na Two-Rock ziko juu kabisa, kila moja ikigharimu takriban mara mbili ya Carmen Ghia au zaidi. Kinachonunuliwa ni transfoma nzuri, boksi la mbao lililoungwa vizuri, saa za fundi, na uwezo wa kuiuza baadaye bila kupoteza sana.

Victoria 20112

Jina lake ni maelezo: wati 20, spika 1, inchi 12. Victoria ya Mark Baier, wa Naperville katika jimbo la Illinois, huzipa ampu zake namba za namna hiyo, na 45410 maana yake ni wati 45 na spika nne za inchi 10. Saketi ya 20112 ni ile ya Fender Deluxe inayojulikana kama 5E3, iliyotengenezwa kuanzia 1955 hadi 1960. Ina valvu mbili za 6V6, rektifaya ya valvu, volyumu mbili, toni moja, basi. Boksi ni la mbao ya msonobari, pembe zake zimeumana kama vidole, na limefunikwa kitambaa cha tweed.

Mlio wake umejaa katikati. Kwenye volyumu ya chini ni safi kwa muda mfupi tu. Ukifika katikati ya kitufe tayari kuna mkwaruzo, na ukiendelea juu unakuwa mnene na wenye manyoya. Hakuna mrejesho hasi kwenye saketi hii, yaani sauti ya mwisho hairudishwi nyuma kunyoosha makosa, na ndiyo sababu kuingia kwake kwenye mkwaruzo ni kwa taratibu, bila mpaka unaouona. Neil Young amejenga sehemu kubwa ya sauti yake juu ya Deluxe ya ukoo huu.

Mguso ndio utajiri wake. Inabonyea kuliko zote nne. Fungua volyumu, kisha punguza volyumu ya gitaa lenyewe hadi nne au tano: mkwaruzo unaondoka na sauti inasafika. Rudisha kumi, unapiga solo. Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji: volyumu mbili hazijitegemei. Ukichomeka gitaa kwenye chaneli moja na kuzungusha volyumu ya chaneli nyingine isiyotumika, mlio unabadilika, unabana au unafunguka. Mtu anayeitazama ampu hii na kuona vitufe vitatu tu hajui kwamba anaweza kukaa nayo jioni nzima akitafuta.

Udhaifu wake uko kwenye besi. Ikifunguliwa, besi hulegea na kuvimba, hasa gitaa likiwa na pikapu (vinasa mtetemo wa nyuzi) za koili mbili na umechagua ile ya shingoni. Pikapu za koili moja zinakaa vizuri zaidi. Mwangwi wa springi hamna. Kwa ukubwa, bendi yenye mpiga ngoma mtulivu itaisikia. Mpiga ngoma mwenye mkono mzito ataifunika sauti safi na kukuachia mkwaruzo tu. Matunzo ni rahisi kupita zote: bayasi inajirekebisha, sehemu ni chache, na fundi yeyote aliyewahi kutengeneza redio za valvu ataielewa kwa haraka. Saketi hii pia ni kati ya zile zinazoungwa zaidi na watu wenyewe kutoka vifurushi vya vipuri, kwa hiyo mwenye mikono mizuri na tahadhari ya umeme ana njia ya kuufikia mlio huu kwa pesa kidogo zaidi.

Inamfaa anayepiga kwa mguso, mwenye kupenda mkwaruzo wa asili bila pedali nyingi (vifaa vya mguuni vya kubadilisha sauti), anayerekodi au kupiga kwenye vyumba vya kadiri.

Dr. Z Carmen Ghia

Mike Zaite alianzisha Dr. Z huko Ohio mwaka 1988, na Carmen Ghia ni moja ya ampu zake zilizodumu. Asili ya saketi ni ampu ndogo ya vinanda vya Hammond. Wati 18, EL84 mbili, rektifaya ya valvu, kitufe cha volyumu na kitufe cha toni. Hakuna kingine cha kuzungusha.

Mlio una mng'ao wa EL84 lakini katikati umesukumwa mbele, kwa hiyo gitaa halipotei hata likipigwa pamoja na kinanda na gitaa la pili. Ukiifungua inakaribia zile Marshall ndogo za wati 18 za miaka ya 1960. Huanza kukwaruza mapema, na mkwaruzo wake umebana kuliko wa Victoria, besi haivimbi. Mguso wake ni wa haraka, unabonyea kidogo tu, na inaitikia volyumu ya gitaa vizuri sana.

Wengi huinunua kama kichwa, bila spika. Hilo ni jambo la kufikiria, maana mlio wa mwisho utakuwa wa spika utakayoichagua, na kwa ampu yenye toni moja tu, spika ndiyo toni yako ya pili. Spika yenye sauti za juu kali inaweza kuyachosha masikio. Yenye besi nzito kidogo inaituliza.

Ukubwa wake unashangaza, kwa sababu hakuna volyumu ya pili ya kuikaba. Kwenye chumba cha kulala ni kubwa mno ukiitaka ikolee. Mwangwi hauna, na anayetaka sauti safi ya kutosha kwa ukumbi mkubwa hataipata hapa. Karakana hiyohiyo inayo MAZ 18, yenye wati zilezile, mwangwi wa springi na volyumu kuu, kwa yule anayeona vitufe viwili ni vichache. Matunzo ni mepesi: bayasi inajirekebisha na EL84 ni valvu zinazopatikana bila shida.

Kwa thamani, kila senti imeingia kwenye sehemu zinazosikika, na hakuna pesa iliyokwenda kwenye mapambo. Inamfaa anayeanza safari ya ampu za karakana, mwenye gitaa nzuri na pedali mbili tatu, asiyetaka kufikiria vitufe akiwa jukwaani.

Matchless DC-30

Mwaka 1989 Mark Sampson na Rick Perrotta walianzisha Matchless huko Los Angeles wakiwa na lengo linaloeleweka kwa yeyote aliyewahi kusafiri na Vox AC30: kupata mlio ule ndani ya ampu isiyokufa barabarani. AC30, kazi ya Dick Denney na kampuni ya Tom Jennings ya Dartford, Uingereza, ndiyo iliyobeba magitaa ya The Shadows na The Beatles, na baadaye Brian May akasimama mbele ya ukuta wa AC30. Lakini ina joto jingi, na joto hula vipuri.

DC-30 ina EL84 nne, wati 30, na spika mbili za inchi 12. Hizo spika hazifanani, na haikuwa bahati mbaya. Moja ni ya aina ya Greenback, nyingine ni ya G12H, zote kutoka kampuni ya spika ya Celestion. Moja inatoa ulaini wa kati, nyingine inabana besi na kung'arisha juu. Ukizisikia pamoja unapata sauti ambayo spika moja haiwezi kuitoa. Ukiweka maiki moja mbele ya spika moja unapata nusu tu ya habari, kwa hiyo mwambie fundi mitambo aweke mbili.

Ina chaneli mbili zenye tabia tofauti kabisa. Ya kwanza hutumia valvu ya kawaida ya 12AX7, ina besi na trebo, na ndiyo yenye ule mlio wa kengele. Ya pili hutumia EF86, valvu ya aina ya pentodi, na badala ya toni ya kuzungusha ina swichi ya hatua sita. Chaneli hiyo ni nene, ina nguvu, na inabeba solo kama mtu aliyeongezewa pumzi. Kizamani Vox nayo ilitumia EF86, ikaiacha kwenye AC30 kwa sababu valvu hiyo haipendi kutikiswa: mtetemo wa spika huigeuza kuwa maiki, ukasikia milio ya kugonga na kuvuma. Ukinunua DC-30, weka EF86 ya akiba kwenye mkoba wa gitaa.

Mguso wake unaweza kuupanga. Swichi ya nusu nguvu inashusha wati zake, na kwenye rektifaya unaweza kutumia 5AR4 moja kwa sauti ngumu zaidi au 5V4 mbili kwa sauti inayobonyea. Kuna pia kitufe cha kukata sauti za juu karibu na mwisho wa saketi, ambacho kazi yake huioni nyumbani. Kwenye ukumbi wenye kuta ngumu, ndicho kitakachokuokoa.

Ndani ya fremu ndiko kazi inakoonekana. Hakuna bodi; rezista na kapasita zimeunganishwa mguu kwa mguu, kutoka kituo hadi kituo. Fundi mzuri akiifungua hutulia kwanza anaitazama. Lakini hesabu gharama: EL84 nne zinazofanya kazi zikiwa moto huchakaa haraka kuliko mbili za 6V6 zilizotulia, na ampu nzima ina uzito unaopita kilo 30. Kuipandisha ngazi ni kazi ya watu wawili.

Mahali pake pa kukolea ni pakubwa. Volyumu kuu ipo, na husaidia, lakini mlio kamili wa DC-30 unataka hewa isogee. Inamfaa mwenye bendi na ukumbi, anayepiga nyuzi zilizo wazi na rithimu zinazotakiwa kung'aa, anayehitaji ampu itakayosafiri miaka mingi. Ukiitaka kwa ajili ya nyumbani, tafadhali rudi kwenye swali la kwanza.

Two-Rock Classic Reverb Signature

Ili kuielewa Two-Rock ya California, inabidi kumtaja Howard Dumble, aliyefariki 2022. Katika maisha yake aliunda takriban ampu 300 tu, kila moja kwa ajili ya mikono ya mwenyewe aliyeiagiza, na saketi zake nyingi alizifunika kwa gundi ngumu ili zisinakiliwe. Leo Dumble moja huuzwa kwa zaidi ya dola 100,000. Two-Rock ilianza kwa kufuata njia hiyo, kisha ikawa na sauti yake.

Classic Reverb Signature haina chaneli ya mkwaruzo. Ni sauti safi, valvu za 6L6, mwangwi wa springi, na nguvu ya wati 50 au 100 kulingana na utakayoiagiza. Besi ni pana lakini imebana; sauti za juu zimeviringwa, haziumizi hata ukizipandisha. Noti moja ikipigwa inasimama peke yake mbele yako, kubwa, ina mwili.

Kwa upande wa mguso, inatoa kila kitu. Ukipiga uzi karibu na daraja au karibu na shingo, kwa kucha au kwa nyama ya kidole, tofauti inasikika yote. Ukikosea, kosa nalo linasikika. Victoria inakufunika kwa mkwaruzo wake, hii haifuniki. Wapo wapigaji waliokuja kwangu wakilalamika kwamba Two-Rock "imewashusha kiwango", na baada ya miezi michache ya kupiga nayo mikono yao ilikuwa imesafika kweli.

Kuhusu ukubwa, hapa kuna jambo linaloweza kukushangaza. Kwa kuwa kazi yake ni sauti safi, haingoji kusukumwa ili itoe rangi yake; kwa sauti ya chini bado ni nzuri, kuliko DC-30 kwa sauti ya chini. Unachokosa ni ule mwili wa noti unaousikia kifuani. Pedali huzipokea kwa upole, na mtu mwenye pedali nyingi za mkwaruzo atapata uwanja mpana wa kuzichezea.

Matunzo yanadai zaidi. Valvu ni nyingi, bayasi inahitaji fundi mwenye mita na uzoefu, na springi za mwangwi ni kitu kingine cha kuangalia. Bei iko juu kabisa. Inamfaa mwenye mkono uliokwisha kukomaa, anayepiga mitindo inayotaka usafi, au anayejenga mkwaruzo wake wote kwa pedali.

Kabla ya kulipa

Nenda na gitaa lako. Usitumie pedali. Weka vitufe katikati, piga kifungu kimoja unachokijua usingizini, mara tatu: kwa ulaini, kwa kawaida, kwa nguvu. Kisha shusha volyumu ya gitaa hadi nne na urudie. Ampu ambayo sauti yake inafifia na kuwa butu hapo haitakupa kile unachokilipia, jina lake liwe lolote. Mwisho iache iwake bila kupiga, sogeza sikio karibu na spika, sikiliza. Mvumo mdogo ni wa kawaida. Milio ya kupasuka pasuka au mvumo unaokua kadiri muda unavyokwenda ni dalili ya valvu au kapasita iliyochoka.

Ikiwa unanunua iliyotumika, uliza transfoma kama ni za asili na kapasita zilibadilishwa lini. Angalia pia volti ilizoundiwa. Ampu ya volti 120 ikichomekwa kwenye 230 inaungua, na kuagiza yenye transfoma inayofaa umeme wa kwako tangu mwanzo ni afadhali kuliko kubeba transfoma ya nje kila uendako. Usiiwashe kamwe bila spika kuunganishwa, utaua transfoma ya kutolea sauti. Na usiifungue mwenyewe kama hujafundishwa: ndani kuna volti zaidi ya 300, na kapasita huzihifadhi hata baada ya kuichomoa ukutani.

Kulingana na hali yako

Unapiga nyumbani na kurekodi: Victoria, au Carmen Ghia pamoja na kifaa cha kupunguza nguvu kinachokaa kati ya ampu na spika. Kifaa hicho hula sehemu ya wati na kuiacha ampu ikolee, ingawa ukiibana mno spika haisogei vya kutosha na mguso hupungua. Kwa rekodi peke yake, niseme wazi, ampu ya kiwandani yenye bodi iliyochapwa inaweza kukutosha, msikilizaji hatatofautisha. Wewe ndiye utakayetofautisha, mkononi.

Una bendi ndogo, mnapiga kwenye vyumba vya kadiri, na fedha ina mipaka: Carmen Ghia na boksi zuri la spika. Kilichobaki kitumie kwenye valvu za akiba.

Bendi yako ina magitaa mawili na mpiga ngoma mwenye nguvu, na kazi yako ni rithimu inayotakiwa kusikika bila kupiga kelele: DC-30. Kama mwenzako tayari ana ampu ya ukoo wa Vox, chukua kitu cha ukoo mwingine, kwa sababu ampu mbili zenye mng'ao uleule hupigania nafasi moja.

Unapiga mitindo mingi kwa usiku mmoja na pedali zako zimejaa ubao: Two-Rock. Ikikushinda bei, Fender Deluxe Reverb ya wati 22 ni ya ukoo huohuo wa paneli nyeusi, na itakuonyesha kama sauti safi ndiyo njia yako kabla hujaweka fedha nyingi.

Hujui bado unapenda nini: azima, au panga muda kwenye studio yenye ampu kadhaa. Lipia saa mbili, piga ya 6V6, ya EL84 na ya 6L6 kwa gitaa lilelile, na uandike pembeni volyumu ilipokuwa kila ulipojisikia hutaki kuacha kupiga. Namba hizo nenda nazo dukani.